Mtoto anayeigiza sauti za watu

Karibu kila ukoo una mtoto wa namna hii. Akitoka msikitini anamwigiza shehe, akitoka kanisani anamwigiza mchungaji, na akirudi kutoka stendi ya Korogwe anamleta nyumbani mpiga debe mzima mzima, na sauti yake ya kukwaruza, akiita abiria wa Handeni, Segera na Tanga. Wenzake wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mjomba anatabasamu pembeni. Mama anakunja uso: "We mtoto, huna adabu? Watu wazima hawaigizwi!"

Mama hana kosa. Heshima kwa wakubwa ni sehemu ya malezi, na mzaha wa leo unaweza kuwa dharau kesho. Ila sikio la mtoto huyo si la kupuuzwa. Amenasa mahali shehe anapovuta pumzi, neno ambalo mpiga debe analirefusha, na namna mchungaji anavyoshusha sauti kabla ya kuipandisha. Watu wazima wanaolipwa kwa kazi ya kusimulia vitabu vya sauti wanaishi kwa sikio hilo hilo: wanakaa mbele ya kipaza sauti na kusoma kitabu kizima, sura kwa sura, ili mtu mwingine akisikilize kwenye simu akiwa jikoni, shambani au ndani ya basi.

Kwa Kiswahili kazi hiyo bado ni changa. Mapenzi ya sauti yanayoizaa ndiyo ya zamani, na katika wilaya hizi mbili, zilizounganishwa na lami ya kilomita 65, yameacha alama hata vitabuni.

Hadithi iliyosikiwa kabla ya kusomwa

Chukua simulizi ya Mbegha, ambayo wazee wa pande zote mbili wanaijua. Mbegha alitoka Nguu, milima ambayo leo mtu akiitafuta ataelekezwa Kilindi, wilaya iliyomegwa kutoka Handeni mwaka 2002. Alikuwa kigego, yaani mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu, na kwa imani ya zama zile mtoto wa hivyo alikuwa mkosi kwa ukoo. Ndugu wakamnyima urithi. Akaondoka na mbwa wake na mikuki yake, akiwinda nguruwe waliokuwa wakimaliza mashamba ya watu, akigawa nyama kila alikopita, hadi akapanda Usambara. Huko akaua simba, watu wakamtawaza pale Vugha, na ukoo wake, Wakilindi, ukatawala Wasambaa kwa vizazi.

(Kwa mzazi anayesoma haya akiwa na mtoto wa miezi minane mapajani: watoto wengi hutanguliza meno ya chini, lakini yakianza ya juu hakuna ugonjwa wala mkosi. Ni mpangilio tu wa mwili.)

Simulizi hiyo iliingia kwenye maandishi kwa mkono wa Abdallah bin Hemedi, aliyemtumikia Semboja, mmoja wa watawala wa Kikilindi, pale Mazinde, ambayo leo ni sehemu ya wilaya ya Korogwe. Kitabu chake, Habari za Wakilindi, kilichapwa kwa sehemu na wamisionari wa UMCA kule Magila, Muheza, kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 hadi mwaka 1907. Mtu akikisoma leo anaona mara moja kwamba mwandishi alikuwa msikilizaji kwanza. Kurasa zimejaa watu wanaosemezana, wanaoulizana, wanaokatizana. Ni kitabu kilichokuwa sauti kabla ya kuwa wino. Na miaka ya 1960 mwanahistoria wa Marekani, Steven Feierman, alipozunguka Usambara akiwasikiliza wazee, bado aliikuta simulizi hiyo midomoni mwao. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1974 kimejengwa juu ya sauti hizo.

Redio dirishani

Wazazi ambao watoto wao sasa wana ndevu walilelewa na sauti nyingine. Ilikuwa ya Debora Mwenda, katika kipindi cha watoto cha Mama na Mwana cha Redio Tanzania Dar es Salaam. Redio moja ilitosha mtaa mzima. Iliwekwa dirishani, betri zikiwa zimeanikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu kidogo, na watoto wakaa chini kimya. Hakukuwa na picha. Kila mmoja alijichorea kichwani jitu lake na msitu wake, na huenda ndiyo maana waliosikiliza bado wanakumbuka mpaka leo. Baadaye vibanda vya video vikamleta Lufufu, aliyezisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, jambazi, polisi na bibi harusi wote wakitoka kwenye koo moja.

Sauti za redio hazikuishia kwenye burudani. Julai 1993 Redio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, uliotungwa ili watu wazungumze kuhusu uzazi wa mpango na Ukimwi. Mhusika aliyekumbukwa zaidi ni Mkwaju, dereva wa lori mwenye mwanamke kila kituo, ambaye hatimaye aliambukizwa Virusi vya Ukimwi. Kwa mtu wa Mkata, Kabuku au Segera, anayeona malori yakiegeshwa kila usiku kando ya barabara kuu, Mkwaju hakuhitaji maelezo marefu.

Kilichofanya mchezo huo ujulikane duniani ni namna ulivyopimwa. Kwa miaka miwili ya kwanza kituo cha Dodoma kiliachwa makusudi bila kuurusha, ili watafiti, wakiwemo Everett Rogers na Peter Vaughan, waweze kulinganisha. Sehemu zilizousikia, matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka kuliko Dodoma, na wanandoa walizungumza zaidi kuhusu idadi ya watoto. Mchezo ulipofika Dodoma mwaka 1995, mabadiliko ya aina hiyo yakaonekana huko nako. Waigizaji wachache mbele ya kipaza sauti waliingia katika mazungumzo ya chumbani ambayo bango la ukutani zahanati lisingeyafikia.

Mapenzi yanaanza tumboni

Mapenzi ya sauti huanza mapema kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Mtoto aliye tumboni huanza kuitikia sauti kabla ya mimba kutimiza miezi saba. Mwaka 1980 watafiti Anthony DeCasper na William Fifer walionesha kwamba watoto wenye umri usiozidi siku tatu hubadilisha namna wanavyonyonya chuchu bandia ili wasikie sauti ya mama yao badala ya ya mwanamke mwingine.

Mwaka 1986 DeCasper alirudi na jaribio jingine, safari hii na Melanie Spence. Wajawazito waliombwa wasome kwa sauti hadithi moja ya watoto mara mbili kwa siku, katika wiki sita za mwisho. Watoto walipozaliwa waliipendelea hadithi hiyo kuliko mpya, hata iliposomwa na mwanamke asiye mama yao. Walikuwa wamekariri mapigo ya maneno wasiyoyaelewa.

Mama mjamzito wa Kwamndolwa au Sindeni hahitaji kitabu cha Kiingereza kwa jambo hilo. Akisimulia hadithi ya sungura na fisi kwa Kizigua, Kisambaa au Kiswahili, huku akimenya mihogo, mtoto anapata yale yale. Na baba naye asikae nje ya habari hii. Sauti nzito ya baba ikizoeleka mapema, mtoto atakuja kuijua kwa jambo jingine zaidi ya kuitwa aje aadhibiwe.

Baada ya kuzaliwa, mzazi aangalie kama mtoto anashtuka kwa kelele za ghafla, na kama anapokaribia miezi sita anageuka kutafuta anayemwita. Asipofanya hivyo, asipewe muda "akue kwanza". Apelekwe kituo cha afya masikio yake yachunguzwe, kwa sababu mwaka wa kwanza na wa pili ndiyo yenye kazi kubwa ya lugha.

Wanaosubiri kusomewa

Vitabu vya sauti havikubuniwa kwa ajili ya watu wenye haraka. Thomas Edison alitengeneza mashine ya kunasa sauti mwaka 1877, na mwaka uliofuata, alipotaja kazi ambazo mashine hiyo ingeweza kufanya, alivitaja vitabu kwa wasioona. Ilipita zaidi ya nusu karne. Novemba 1935 huduma ya vitabu vya kusikiliza ilianza Uingereza, ikiwalenga hasa watu waliopoteza macho, wakiwemo askari wa Vita Kuu ya Kwanza. Miongoni mwa vya kwanza kurekodiwa ilikuwa riwaya ya upelelezi ya Agatha Christie. Marekani, kijana mmoja mwigizaji wa jukwaani, Alexander Scourby, mtoto wa wahamiaji kutoka Ugiriki, alianza kuwasomea wasioona mwaka 1937. Aliendelea kwa zaidi ya miaka 40, na kurekodi vitabu zaidi ya 400. Kuna wasikilizaji waliokua, wakaoa na kuzeeka wakiwa na sauti ya mtu huyo nyumbani bila kukutana naye.

Huku kwetu habari hiyo iko karibu. Kutoka Mombo, wilaya ya Korogwe, barabara inapanda kona kwa kona hadi Lushoto, na huko, Irente, kuna shule ya msingi ya watoto wasioona iliyoanzishwa na Kanisa la Kilutheri mwaka 1963. Watoto wa aina hiyo husoma kwa nukta nundu. Lakini kitabu cha kawaida kikigeuzwa nukta nundu huwa majuzuu kadhaa manene, mazito kubeba na ghali kuchapa. Mtoto anaporudi likizo kijijini, mara nyingi harudi na kitabu chochote. Ndugu zake wanasoma vya kwao, yeye anasubiri mtu apate nafasi ya kumsomea. Faili la sauti linaingia kwenye simu ya mama, na halina uzito.

Sheria nayo imefunguka. Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa Juni 2013 na ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 2020, umewekwa ili vitabu viweze kutolewa kwa namna ambayo wasioona wanaweza kuvitumia, sauti ikiwemo, bila kikwazo cha hakimiliki. Kilichobaki ni watu wa kukaa na kusoma.

Godoro, jogoo na bati

Kijana anayetaka kuwa mmoja wao ataanzia wapi? Wengi duniani wameanzia kabatini. Nguo zilizotundikwa hunyonya mwangwi; godoro likisimamishwa ukutani hufanya kazi hiyo hiyo, na blanketi juu ya kichwa si aibu. Simu janja ya kawaida inatosha kwa mazoezi. Adui mkubwa ni mazingira: jogoo, bodaboda, jirani mwenye spika, na mvua kwenye bati, ambayo ikianza Korogwe hakuna cha kufanya isipokuwa kuzima na kusubiri. Ndiyo maana wasimulizi wengi wa nyumbani hurekodi usiku wa manane au alfajiri kabla ya adhana.

Kisha kuna uvumilivu, na hapa wengi huishia njiani. Saa moja ya kitabu iliyo safi kusikilizwa inaweza kula saa sita za kazi, ukihesabu kusoma kwanza kimya, kurekodi, kurudia palipokosewa, kuondoa makohozi na kurasa zinazochakacha, na kusikiliza yote upya. Kitabu cha saa nane ni wiki nzima ya kazi, au zaidi. Mwigaji mzuri wa sauti asiyependa kusoma hatafika sura ya tatu. Tena wanaoanza huigiza mno, kila mhusika na kelele zake, mpaka msikilizaji anachoka. Aliyebobea huonesha fisi kwa kubadili mwendo wa maneno kidogo tu.

Koo lenyewe ni chombo cha kazi kama jembe. Ndani ya zoloto kuna nyuzi mbili za sauti, na mtu anapozungumza hugongana zaidi ya mara mia moja kwa sekunde. Zikitumikishwa vibaya zinaweza kuota vinundu, tatizo linalowapata walimu, waimbaji, wahubiri na hata watoto wanaopenda kupiga mayowe. Kinga yake haina gharama: maji ya kutosha, mapumziko kila baada ya muda, kukaa mbali na moshi wa sigara na wa kuni, na kutolazimisha sauti ikiwa na mafua. Kunong'ona hakupumzishi koo kama wengi wanavyoamini. Sauti ikikauka kwa zaidi ya wiki nne, iwe ya mtoto au mtu mzima, tangawizi na asali zimeshatimiza wajibu wao. Aende kwa daktari wa masikio, pua na koo. Na mvulana ambaye sauti inavunjika kwa balehe asilazimishwe kusoma wala kuimba kwa nguvu mpaka itulie.

Fedha? Mzazi ambaye mwanawe anamwambia kuna mamilioni huko ana haki ya kuuliza maswali. Soko kubwa la Kiingereza, ACX la kampuni ya Audible, lilijengwa kwa ajili ya wasimulizi wakazi wa Marekani, Uingereza, Kanada na Ireland. Kazi za Kiswahili zipo lakini ni za kuokoteza: tangazo hapa, somo la redio pale, katuni, ujumbe wa afya. Ubongo, taasisi ya Dar es Salaam inayotengeneza vipindi vya watoto kama Akili and Me, imeonesha kuwa sauti za Kiswahili zinaweza kubeba kazi nzima ya kufundisha. Kwa wengi, hata hivyo, itakuwa kazi ya pembeni, pamoja na ualimu, duka au kilimo. Hilo si baya likijulikana mapema.

Mambo mawili ya kisheria hayafai kuachwa. Kusoma riwaya ya mtu kwa sauti na kuiweka mtandaoni bila idhini yake ni kuvunja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, hata kama umeisoma vizuri kuliko yeye. Ulinzi wa kazi hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Abdallah bin Hemedi alifariki mwaka 1912, hivyo maneno yake ya asili yako huru kwa kijana wa Mazinde anayetaka kuyapa sauti tena. Jambo la pili ni mkataba. Leo kompyuta inaweza kufundishwa sauti ya mtu kisha ikasoma vitabu ambavyo yeye hajawahi kuviona. Mwaka 2023 waigizaji wa Marekani waligoma kwa siku 118, na moja ya hoja zao ilikuwa hiyo. Kijana wa Handeni anayetumiwa karatasi ya kusaini kwa WhatsApp ili "atoe sampuli za sauti" aisome na mtu mzima, tena aisome yote, na aulize sampuli hizo zitatumika wapi na kwa muda gani.

Leo jioni

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, halipendekezi kabisa skrini kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, na kwa wa miaka miwili hadi minne linataka isizidi saa moja kwa siku. Mtoto akiwa ametulia, linapendekeza asomewe au asimuliwe hadithi na mlezi wake. Simu ikiwa imelala kifudifudi, ikitoa hadithi bila picha, ni nafuu, lakini haiwezi kujibu swali la "kwa nini fisi hakukimbia?" Mlezi aliye kando anaweza. Na kama mtoto mkubwa anatumia spika za masikioni, sauti isivuke asilimia 60 ya uwezo wa simu.

Bibi yuko hai na bado anazikumbuka zile za Kizigua? Mwombe ruhusa kwanza, umweleze utazifanyia nini. Kaa naye ndani, mbali na barabara, simu iwe juu ya khanga iliyokunjwa, karibu na mdomo wake kiasi cha urefu wa mkono. Weka simu kwenye hali ya ndege ili isilie katikati. Aanze kwa kutaja jina lake, kijiji alikozaliwa na aliyemsimulia yeye. Akikohoa, muache akohoe. Akicheka, muache acheke. Faili lipe jina na tarehe siku hiyo hiyo, na nakala mtumie ndugu mwingine, kwa sababu simu huibwa na huanguka ndooni.

Akimaliza, mwite yule mtoto anayewaigiza watu. Mwambie aisimulie upya, fisi kwa sauti ya fisi, sungura kwa sauti ya sungura, huku simu ikiendelea kurekodi. Bibi ndiye atakayesema wapi amekosea.